Mungu yuko wapi kwenye kitabu cha Esta? Purimu na maongozi yaliyofichika

Kila ikikaribia Machi zinaanza kuzunguka kwenye magrupu zile video za Yerusalemu na New York, wanaume wenye ndevu na makoti meusi wanacheza barabarani chupa mkononi, watoto wamevaa kama malkia, kama simba, kama polisi, sinagogi zima watu wanapiga kelele na kugonga meza, na maswali yanayofuata ni yaleyale: hii nayo ni ibada? Mwingine anajibu kwamba hiyo ni Halloween ya Kiyahudi, ile sikukuu ya Wazungu ya kuvaa mavazi ya kuigiza, na mjadala unafungwa hapo. Halafu Jumapili ileile mhubiri anasimama na kusema umewekwa ulipo "kwa ajili ya wakati kama huu", watu wanaitikia amina, na mmoja wao akirudi nyumbani anafungua Esta aone ni mstari gani Mungu alisema hivyo. Anasoma sura ya kwanza mpaka ya kumi. Hauoni. Hauoni kwa sababu kwenye kitabu cha Esta cha Kiebrania Mungu hasemi neno lolote, na jina lake halipo hata mara moja.

Hiyo mikanganyiko miwili, ya video na ya mhubiri, shina lake ni moja, na ukilielewa hilo shina vyote viwili vinakaa sawa.

Tuanze na maneno kidogo. Purimu ni sikukuu ya Wayahudi ya tarehe 14 mwezi wa Adari, kwa kalenda yetu inaangukia mwishoni mwa Februari au ndani ya Machi, na jina lake linatokana na kura alizopiga adui yao Hamani kutafuta siku ya kuwaangamiza. Maongozi ya Mungu, wengine wanasema majaliwa, ni ile imani kwamba Mungu hakuumba dunia kisha akaiacha ijiendee, anaiangalia na kuielekeza. Wayahudi wanaita hashgaha. Halafu kuna miujiza ya aina mbili. Kuna ule wa wazi, bahari inagawanyika, hata adui anaona. Na kuna ule uliofichika, ambao kila kipande chake kina maelezo ya kawaida kabisa, mtu alilewa, mtu alikosa usingizi, mtu alisikia maneno langoni, hakuna kanuni ya maumbile iliyovunjwa popote, ila ukiviweka vipande vyote pamoja unabaki unajiuliza. Pasaka ni sikukuu ya ule wa kwanza. Purimu ni sikukuu ya huu wa pili.

Sasa hadithi yenyewe, na naomba uziangalie tarehe maana hapo ndipo wengi tunapita mbio. Mwaka wa 3 wa utawala wake Ahasuero mfalme wa Uajemi (wasomi wengi wanasema ndiye Xerxes wa Kwanza, aliyetawala 486 hadi 465 KK) anaonyesha utajiri wake siku 180, kisha anamalizia na karamu ya siku 7 pale Shushani, na siku ya saba mvinyo ukiwa umeshampanda anaagiza malkia Vashti aletwe watu wauone uzuri wake. Vashti anakataa, anavuliwa umalkia. Mwaka wa 7 anavishwa taji Esta, yatima wa Kiyahudi aliyelelewa na binamu yake Mordekai, na hajamwambia mtu kabila lake kwa sababu Mordekai kamkataza. Baada ya hapo Mordekai akiwa amekaa langoni anapata habari kwamba matowashi wawili, Bigthani na Tereshi, wanapanga kumuua mfalme, anampa Esta taarifa, Esta anaifikisha kwa mfalme kwa jina la Mordekai, wale wawili wanatundikwa, habari inaandikwa kwenye kitabu cha kumbukumbu za ufalme, na Mordekai hapewi kitu chochote, hata asante. Mwaka wa 12 ndio Hamani, waziri wa mfalme, yuko juu, kila mtu anamsujudia isipokuwa Mordekai, na Hamani anaona kumuua mtu mmoja ni jambo dogo, anataka kabila zima katika majimbo yote 127 kuanzia India mpaka Kushi. Anapiga kura mwezi wa Nisani, kura inaangukia Adari, mwezi wa mwisho. Anaahidi talanta 10,000 za fedha, mfalme anavua pete ya muhuri anampa, barua zinaondoka na matarishi, na kitabu kinaongeza kitu kinachouma: mfalme na Hamani wakaketi wanywe, mji wa Shushani ukafadhaika.

Hesabu sasa. Tangu Vashti aondolewe mpaka amri ya Hamani ni miaka tisa. Maana yake dawa ilikuwa imeanza kuandaliwa miaka tisa kabla ya ugonjwa, na wakati inaandaliwa ilionekana ni kelele za ikulu tu, mlevi mmoja amegombana na mkewe. Walimu wa Talmud, ule mkusanyiko wa mafundisho na mijadala ya walimu wa kale wa Kiyahudi, walilishika hili, wakasema Mungu hawapigi Israeli mpaka kwanza awe ameumba tiba. Na ile kura yenyewe, ambayo Hamani alifurahi nayo, iliweka miezi kumi na moja kati ya amri na siku ya mauaji. Ingeangukia wiki ileile, Esta asingepata hata muda wa kujiandaa kwenda mbele ya mfalme.

Anayejua bao ataelewa haraka. Mchezaji anaweza kutakata zamu mbili tatu mfululizo, hana mtaji, hali kitu, anayetazama pembeni anaona huyu kaishiwa, na mpinzani naye anacheza kwa uhuru wake kabisa, hakuna anayemshika mkono, anakula anapotaka kula. Halafu inafika zamu moja kete zinaangukia shimo lenye kitu, zinaendelea kuzunguka na kula mpaka upande wa pili unabaki mweupe, na hapo ndipo ukirudi nyuma kwa akili unaona kwamba kule kutakata ndiko kulikopanga kete. Tofauti ni kwamba kwenye bao unamwona mchezaji amekaa mbele yako. Kwenye Esta upande mmoja wa ubao hakuna mtu anayeonekana.

Kama una muda wa kusoma sura moja tu ya kitabu hiki soma ya 6, maana hapo ndipo jambo lote linapogeuka na ni usiku mmoja tu. Jioni ya siku iliyotangulia Esta alikuwa amemkaribisha mfalme pamoja na Hamani kwenye karamu, mfalme anamuuliza unataka nini, hata nusu ya ufalme utapewa, na Esta badala ya kusema anaomba waje tena kesho. Kwa nini hakusema siku ileile? Kitabu hakielezi, na wafafanuzi wametoa sababu nyingi. Hamani anatoka na furaha, langoni anamkuta Mordekai hainuki, anafika nyumbani amekasirika, mkewe Zereshi na rafiki zake wanamshauri asimamishe mti wa dhiraa 50, hiyo ni kama mita 22, asubuhi akamwombe mfalme Mordekai atundikwe juu yake. Mti unatengenezwa.

Usiku uleule mfalme anakosa usingizi. Anaagiza kitabu cha kumbukumbu kisomwe mbele yake, na katika kumbukumbu zote za ufalme wa majimbo 127 kinachosomwa ni ile habari ya Bigthani na Tereshi. Mfalme anauliza, huyu Mordekai alipewa heshima gani? Watumishi wanasema hakupewa kitu. Anauliza tena, nani yuko uani? Na uani yuko Hamani, kawahi ili aombe ruhusa ya kumtundika Mordekai. Anaingizwa, na kabla hajafungua mdomo mfalme anamuuliza afanyiwe nini mtu ambaye mfalme anapenda kumheshimu, bila kutaja jina. Hamani anajisemea moyoni ni nani kama si mimi, anaagiza nguo aliyowahi kuivaa mfalme, farasi aliyewahi kumpanda mfalme, na mkuu mmoja wa kutangaza mbele yake mitaani. Mfalme anajibu fanya haraka, kamfanyie hivyohivyo Mordekai Myahudi. Angalia, anasema kabisa "Myahudi" kwa mdomo wake, na haonekani kukumbuka kwamba amepitisha amri ya kuwaua Wayahudi wote.

Vua sasa kila kipande uone kama kuna muujiza. Kukosa usingizi si muujiza. Kusomewa kumbukumbu za ufalme si muujiza. Waziri kuwahi kazini si muujiza. Mtu mwenye majivuno kudhani anazungumziwa yeye, hilo ndilo la kawaida kuliko yote. Ila ingekuwa Esta amesema haja yake jioni ile ya kwanza, au ule usiku mfalme angelala, Mordekai angekuwa kwenye mti asubuhi. Talmud inasema usingizi ulioondoka usiku ule ulikuwa wa Mfalme wa ulimwengu, na hapo unaelewa kwa nini Wayahudi wengi wakisoma "mfalme" kwenye Esta wanasikia wafalme wawili. Neno hilo limo zaidi ya mara 150 kwenye kitabu ambacho Mungu hatajwi.

Kwa nini hatajwi, basi? Majibu ni mengi na yameanza zamani. Ibn Ezra, mfafanuzi wa Hispania wa karne ya 12, alisema kitabu kilinakiliwa pia na Waajemi, na kama jina lingekuwemo wangelibadilisha na kuweka la miungu yao. Wengine wanatafuta jina kwenye herufi za mwanzo za maneno manne ya Esta 5:4, ambazo kweli kwa Kiebrania zinatoa zile herufi nne za jina takatifu. Watafsiri wa Kigiriki wao hawakuweza kuvumilia kimya, toleo lao lina nyongeza kubwa zenye sala ndefu za Mordekai na Esta na humo Mungu anatajwa waziwazi, na ndiyo maana Biblia ya Kikatoliki ina sehemu za Esta ambazo ya Kiprotestanti haina. Wala si wote waliokipenda. Kwenye magombo ya Qumran, yale maandiko ya kale yaliyopatikana karibu na Bahari ya Chumvi, hakijapatikana hata kipande cha Esta, na Martin Luther, mwanzilishi wa Uprotestanti, alikichukia hadharani.

Mimi naona nyongeza za Kigiriki, kwa nia njema kabisa, zimeondoa kitu ambacho kitabu kilikusudia msomaji akipitie. Linganisha na Yusufu, hadithi ambayo Mkristo na Mwislamu wote wanaijua. Huko nako hakuna bahari inayogawanyika, kuna ndugu wenye wivu, msafara unaopita, gereza, mfalme aliyeota ndoto. Lakini mwishoni Yusufu anasimama anawaambia ndugu zake ninyi mlikusudia mabaya, Mungu alikusudia mema. Kuna mtu wa kukufafanulia. Kwenye Esta hakuna anayesimama kufafanua. Mordekai hafanyi hivyo, Esta hafanyi hivyo, mwandishi hafanyi hivyo. Msomaji anaachwa na vipande mkononi, kama tunavyoachwa sisi kila siku na mambo ya maisha yetu, na kama ataona mkono ataona mwenyewe.

Wayahudi wana istilahi ya hali hii, hester panim, yaani kufichwa kwa uso, na inatoka Kumbukumbu la Torati 31:18 ambapo Mungu anasema atauficha uso wake. Walimu wa Talmud walipouliza Esta ametajwa wapi kwenye Torati walijibu na mstari huohuo, kwa sababu Kiebrania cha "nitauficha" kinasikika karibu sawa na jina lake. Ila usiuchukue mstari huu kirahisi kama watu wengine wanavyoupamba. Pale Torati kufichwa uso ni jambo la kutisha, ni adhabu, watu wameachwa. Wanachosema walimu kupitia Purimu ni kwamba hata ndani ya hali hiyo, watu wakiwa uhamishoni, hakuna nabii anayesema neno, hakuna ishara, bado hawajaachwa kabisa. Nachmanides, mwalimu wa karne ya 13 kutoka Girona, alikwenda mbali zaidi, akasema miujiza mikubwa ya wazi kazi yake ni kumfundisha mtu aitambue ile iliyofichika, na kwamba asiyeamini hiyo iliyofichika hana sehemu kwenye Torati ya Musa. Kwa hiyo kwake yeye Purimu si kamuujiza kadogo ka daraja la pili.

Turudi kwa mhubiri wa Jumapili. Maneno yake yanatoka Esta 4:14, Esta amemtumia Mordekai ujumbe kupitia Hathaki towashi kwamba sheria ni moja, anayeingia kwa mfalme bila kuitwa anauawa labda mfalme amnyooshee fimbo ya dhahabu, na yeye hajaitwa siku 30. Mordekai anamjibu kwamba ukinyamaza msaada utawatokea Wayahudi kutoka mahali pengine, ila wewe na nyumba ya baba yako mtaangamia, na ni nani ajuaye kama hukuufikia umalkia kwa ajili ya wakati kama huu. Ni nani ajuaye! Hayo maneno matatu ndiyo yanayoachwa kwenye mahubiri na ndiyo yenye uzito wote. Mordekai hakumwambia Esta "Mungu amenionyesha". Hakuna aliyeota. Anamwekea mbele uwezekano, na anamwambia kabisa kwamba wokovu haumtegemei yeye, ila yeye mwenyewe ndiye atakayekuwa amekosa nafasi yake. Na Esta haondoki na uhakika wowote, anaomba watu wafunge siku tatu pamoja naye na anasema nitaingia, nami nikiangamia na niangamie. Mtu mwenye uhakika hasemi hivyo.

Ndiyo maana nasema wanaotumia Esta kuhubiri "tulia, Mungu anafanya" wanakisoma kichwa chini miguu juu. Kwenye kitabu hiki hakuna aliyetulia. Mordekai anavaa magunia analia katikati ya mji, Esta anafunga, anavaa nguo za kifalme, anapanga karamu ya kwanza, anapanga ya pili, anachagua wakati wa kusema. Hata Hamani akishatundikwa kwenye mti wake mwenyewe kazi haijaisha, kwa sababu barua yenye muhuri wa mfalme haifutiki, inabidi iandikwe nyingine tarehe 23 ya mwezi wa tatu kuwaruhusu Wayahudi wajitetee, na matarishi waondoke upya na farasi wa mbio. Muujiza uliofichika unapita kwenye mikono ya watu, na mikono ikikunjwa sijui utapita wapi.

Kuna kosa la upande wa pili ambalo nalihofia zaidi, la kujua kupita kiasi. Mtu akishapenda wazo la mkono uliofichika anaanza kuuona kila mahali. Utakutana na ile meseji ya herufi ndogo: kwenye gombo la Esta, orodha ya wana kumi wa Hamani ina herufi tatu zinazoandikwa kwa udogo, kwa Kiebrania kila herufi ina thamani ya namba, ukizijumlisha hizo tatu zinatoa 707, nao ukiongeza elfu tano zisizoandikwa ni mwaka 5707 wa Kiyahudi ambao ndani yake, tarehe 16 Oktoba 1946, wakuu kumi wa Wanazi walinyongwa Nuremberg na mmoja wao, Julius Streicher, akapiga kelele akitaja sikukuu ya Purimu. Herufi ndogo zipo kweli, kunyongwa kumi kulikuwepo, na Streicher alisema alichosema. Lakini kabla ya siku ile Wayahudi milioni sita walikuwa wameshauawa, na kwao hakuna mfalme aliyekosa usingizi. Ukimpelekea mtu aliyepoteza ukoo mzima hesabu ya herufi kama jibu, umemtukana. Wayahudi wenyewe wamejadili na wanajadili mpaka leo nini maana ya kufichwa uso baada ya hapo, wapo walioendelea kuamini na wapo walioacha, na hakuna kati yao anayestahili kunyamazishwa na kisa cha Shushani.

Na kujua kupita kiasi kunaua. Siku ya Purimu tarehe 25 Februari 1994 mlowezi mmoja wa Kiyahudi aliingia na bunduki kwenye msikiti wa Ibrahimu kule Hebron akaua Waislamu 29 wakiwa kwenye sala. Serikali ya Israeli na marabi wengi, yaani walimu wa dini ya Kiyahudi, walimlaani, lakini wapo mpaka leo wanaomsifu kama shujaa wa Purimu. Weka hapo lile "ni nani ajuaye" la Mordekai uone umbali uliopo kati ya mtu aliyesema hivyo na mtu anayejiona ameshakabidhiwa hukumu ya Mungu.

Hapo watu huuliza, na ni haki yao, mbona kitabu chenyewe kinaishia na maiti, 500 Shushani siku ya kwanza, 300 siku ya pili, na 75,000 majimboni. Ndivyo kilivyoandikwa na sitakipaka asali. Kwa mpangilio wa hadithi hao ni waliowainukia Wayahudi kwa amri ambayo haikufutika, na mwandishi anarudia mara tatu kwamba hawakugusa nyara ingawa waliruhusiwa. Huko kurudia kuna sababu: Mordekai ni Mbenyamini wa uzao wa Kishi, jina la baba yake Sauli, na Hamani ni Mwagagi, na Sauli alipoteza ufalme kwa kumhurumia Agagi mfalme wa Waamaleki na kuchukua nyara. Mwandishi anaonyesha deni la zamani linalipwa. Kama matukio yalitokea hivyohivyo wasomi wanabishana, wengi wanakiona kama hadithi iliyotungwa juu ya mandhari ya kweli ya Uajemi, na namba zile ni kati ya sababu zao.

Kwa Waislamu kuna swali lingine linalojirudia, huyu Hamani ndiye Hamana wa Qur'ani? Hamana wa Qur'ani ni mtu wa Firauni, Misri, enzi za Musa. Hamani wa Esta ni wa Uajemi, karne nyingi baadaye. Jina linafanana, visa viwili, usivichanganye.

Sasa zile video. Purimu si Halloween na haina uhusiano nayo. Wajibu wa siku ni minne: kusikiliza gombo la Esta likisomwa usiku na tena mchana, kumpelekea rafiki vyakula, kutoa zawadi kwa maskini wasiopungua wawili, na kula karamu. Kelele unazosikia ni za kuzima jina la Hamani kila linapotajwa. Mavazi ya kuigiza yaliingia baadaye, desturi inaonekana ilianzia Italia mwishoni mwa zama za kati, na Wayahudi wengi wanaieleza kwa jambo hilohilo la uso uliofichwa: unayemwona siye. Vile vibiskuti vya pembetatu vyenye jemu au mbegu za mpopi ndani navyo wanavieleza hivyo. Musa bin Maimuni, mwanasheria mkubwa aliyeishi Misri karne ya 12, aliandika kwamba ni bora mtu azidishe zawadi kwa maskini kuliko kuzidisha karamu yake, maana hakuna furaha kubwa kuliko kuwafurahisha maskini, yatima na wajane.

Na pombe? Talmud kweli ina kauli kwamba mtu anywe Purimu mpaka asitofautishe amelaaniwa Hamani na amebarikiwa Mordekai. Ila papo hapo inaleta kisa cha Rabba na Rabi Zeira waliofanya karamu ya Purimu pamoja, wakalewa, Rabba akainuka akamchinja mwenzake. Kesho yake akamwombea rehema, akafufuka. Mwaka uliofuata Rabba akamwambia njoo tufanye Purimu pamoja, Rabi Zeira akajibu kwamba si kila saa muujiza unatokea. Wafafanuzi wengi wanasema kisa kiliwekwa hapo makusudi kuifunga ile kauli, na marabi wengi leo wanafundisha glasi moja au usingizi kidogo vinatosha.

Kwetu huku Wayahudi si wa kwenye video tu. Uganda, vilimani karibu na Mbale, kuna Abayudaya, jamii iliyoanza na Semei Kakungulu mwaka 1919. Idi Amin aliipiga marufuku dini yao. Kampala ilianguka tarehe 11 Aprili 1979 mikononi mwa majeshi ya Tanzania na wapiganaji wa Uganda, na jioni ya siku hiyohiyo ndiyo ilikuwa inaanza Pasaka ya Kiyahudi. Hakuna malaika kwenye habari hiyo, kuna wanajeshi waliotoka Kagera wakatembea kwa miezi, wengi wao hata hawajui kama kule Mbale kuna Wayahudi. Ni bahati ya kalenda au ni maongozi? Tukio lenyewe halisemi, na ndivyo Esta nacho kilivyo.

Kitu cha mwisho, maana huwa kinaruka machoni. Siku za Pasaka Wayahudi wanaimba Haleli, zaburi za sifa. Purimu hawaimbi. Talmud inatoa sababu kadhaa, mojawapo ni kwamba waliotoka Misri wangeweza kuimba "msifuni enyi watumishi wa Bwana" maana hawakuwa tena watumishi wa Farao, lakini hawa wa Shushani walibaki watumishi wa Ahasuero. Na ukifungua sura ya 10, fupi kuliko zote, mistari mitatu tu, utakuta mstari wa kwanza haumsifu mtu wala Mungu. Unasema Ahasuero akatoza kodi nchi na visiwa vya bahari. Mstari wa mwisho unamtaja Mordekai, wa pili baada ya mfalme, amekubalika na wengi wa ndugu zake. Wengi, sio wote. Talmud inasema kuna wazee wa baraza waliojitenga naye kwa sababu sasa alikuwa mtu wa ikulu.